Thelathini na Nane

Jumapili, 2 Machi

Thelathini na moja kati ya sitini. Shangazi Alphonsine ameisoma namba hiyo akiwa amesimama kando ya jiko, miwani imemshuka puani, halafu akaikunja karatasi yangu mara nne na kuitia kwenye kopo la biskuti. "Bado sana, Corinne," akasema, akarudi kwenye maharage yake.

Naandika daftari hili ili nisijidanganye tena. Oktoba iliyopita nilikuwa na mtihani mmoja tu wa kujipima, ule ulioko nyuma ya kitabu cha hesabu cha maktaba. Niliufanya mara tatu. Mara ya kwanza thelathini, ya pili arobaini na nne, ya tatu hamsini na tano. Kichwa kikavimba. Nikaendesha gari saa nzima mpaka chuoni, nikakaa mbele ya kompyuta, na mtihani wenyewe ukanionyesha kwamba sikuwa nimejifunza hesabu, nilikuwa nimekariri herufi za majibu tu. Nikafeli. Nililia ndani ya gari mpaka vioo vikaota ukungu.

Nimebakiza somo hilo moja. Miaka kumi na moja naokoteza masomo, mawili leo, moja mwakani, nipate shahada, niache kuwa msaidizi wa mwalimu, niwe mwalimu. Ukifaulu mtihani huu chuo kinakuhesabia somo zima, kama vile ulikaa darasani muhula mzima. Ukifeli, unasubiri miezi mitatu. Ukifeli mara ya pili, chuo chetu hakitaki tena kusikia habari za mtihani: utakaa darasani kama wengine, na somo lenyewe wanalifundisha majira haya tu, wakati wa shira, tunapotoboa miti ya Shangazi na kuchemsha utomvu wake uwe shira tamu ya kuuza, wakati ambao mimi siwezi kuondoka.

Kwa hiyo safari hii nimejifunga kamba. Bwana Tuttle wa maktaba amenitafutia mitihani mitano ya kujipima, kila mmoja kutoka kitabu tofauti. Kila mmoja naufanya mara moja tu, saa ikiwa mezani, kitabu kimefungwa. "Ukifika arobaini katika miwili tofauti, nenda kajiandikishe," alisema. "Chini ya hapo, kaa nyumbani." Kisha mimi nikaongeza sharti langu: majibu yote, hata karatasi zangu, akae nazo Shangazi. Ataniambia namba tu na mada ya kurudia, basi. Bwana Tuttle alisema huko nako ni kuzidisha. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na Shangazi amesahihisha karatasi za watoto wa kijiji hiki miaka thelathini na mmoja. Nisipomwamini yeye nimwamini nani.

Jumanne, 4 Machi

Mkutano wa mji. Tumebishana saa mbili juu ya gari la kukwangua theluji, tukala supu, tukapiga kura, gari halinunuliwi.

Kwenye foleni ya supu Bi Sewall, mwalimu mkuu wangu, alinivuta kando. Mwalimu wa darasa la tatu anastaafu. "Nataka uwe wewe," akasema. "Watoto wanakujua, wazazi wanakujua. Niletee hilo somo la hesabu tu. Nitakushikia nafasi mpaka Ijumaa ya tarehe kumi na moja Aprili. Ikipita hapo, bodi itanila nyama."

Nilimwambia Shangazi palepale. Alikuwa anapaka siagi mkate. "Darasa la tatu," akasema. "Ni umri mzuri." Akaendelea kupaka siagi mpaka mkate ukatoboka. Kisha akauliza, "Mwalimu naye anapewa ruhusa wakati wa shira?"

"Msaidizi ndiyo, Shangazi. Mwalimu hapana."

"Nilijua. Nimeuliza tu."

Jioni tumetoboa miti mia mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Baridi. Utomvu haudondoki. Asilimia na vipeo, vipeo na asilimia.

Jumapili, 9 Machi

Thelathini na nne. "Unapanda," amesema Shangazi. Akanibusu kichwani kama nilipokuwa na miaka tisa, mwaka mama alipokufa na yeye akanichukua pamoja na sanduku langu na paka wangu. Amesema nirudie grafu.

Jumanne, 11 Machi

Maktaba. Tuko wawili tu tuliobaki kwenye kikundi cha Jumanne, mimi na Darlene Bushey wa kiwanda cha maziwa. Yeye anataka uuguzi. Hesabu yake, Mungu amsaidie, mwezi wa kwanza alikuwa anahesabu kwa vidole na vidole havikutosha. Karatasi zake anazisahihisha mumewe, na anapokosa, mumewe anapiga honi ya gari uani.

Leo nimemfundisha uwezekano kwa kutumia soksi. Soksi sita nyeusi na nne nyeupe ndani ya mfuko, umechomoa moja gizani. Ameelewa mara ya pili tu.

"Wewe mbona hujajiandikisha?" akaniuliza.

"Nina thelathini na nne."

"Thelathini na nne gani, na unanifundisha hivi? Labda wewe ukiwa peke yako akili inakwenda kulala."

Tukacheka mpaka Bwana Tuttle akaja kutunyamazisha, kisha naye akataka kujua habari za soksi.

Ijumaa, 14 Machi

Hali ya hewa imefunguka. Usiku barafu, mchana jua, na utomvu unashuka kwenye mirija kama umefunguliwa bomba. Nimesimama kibandani, kwenye karai la kuchemshia, tangu saa mbili asubuhi. Shangazi hawezi tena kunyanyua ndoo wala kutia kuni. Kiganja chake cha kulia kimekataa tangu msimu uliopita. Anakaa kwenye kiti chake kando ya mlango, anaandika kwenye kitabu chake: saa, hali ya hewa, mapipa. Kazi ya kutazama shira ni yangu. Inapokaribia, nateka kwa upawa, namimina kwenye kikombe kirefu, natumbukiza kipimo, kile kijiti cha kioo kinachoelea, chenye karatasi ya namba ndani ya shingo yake. Mstari mwekundu ukikaa sawa na uso wa shira, imeiva, fungua bomba haraka. Mstari ukiwa umezama, bado, chemsha. Ukiitoa mapema inachacha. Ukichelewa inakuwa nzito na kugeuka sukari chini ya mkebe.

"Bado?" anauliza Shangazi.

"Bado."

Tumesema hivyo labda mara hamsini leo.

Jumapili, 16 Machi

Leo nilijua. Nilipomaliza mtihani wa tatu bado zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili, na sikuwa nimebahatisha hata mara tano. Nilimpa karatasi nikakaa pale pale mezani kama mtoto anayengoja peremende. Shangazi amesahihisha taratibu. Nilisikia penseli yake. Alihesabu mara mbili.

"Thelathini na sita," akasema.

"Na sita?"

"Umekosa uwezekano, mama. Rudia uwezekano."

Uwezekano, niliomfundisha Darlene kwa soksi. Nimejiona mjinga wa mwisho. Yaani hata ninapojiona nimejua, sijui.

Alhamisi, 20 Machi

Mapipa mawili na nusu. Uwezekano, kurasa arobaini, kitabu kimeegemezwa kwenye rundo la kuni. Nyusi zinanuka moshi.

Jumapili, 23 Machi

Thelathini na nane.

Nilikuwa nimeshikilia kiti chuoni kwa Ijumaa hii ya tarehe ishirini na nane. Nimewapigia simu nikakiachia. Nimekihamishia tarehe nne Aprili. Msichana aliyepokea aliniuliza, "Una hakika?" Nikamwambia hakika ndiyo kitu ambacho sina.

Shangazi amenikaangia donati. Amemimina shira ya moto juu ya theluji kwenye sinia, akaleta na achari ya tango kama ninavyopenda. Alinitazama nikila. "Usiwe na haraka," akasema. "Shule haitakimbia. Wala miti haitakimbia." Nilimshukuru. Nayaandika haya ili nikumbuke kwamba nilimshukuru.

Jumanne, 25 Machi

Darlene amepata arobaini na moja kwenye mtihani wa nne, uleule niliopata mimi thelathini na nane. Mumewe amepiga honi mpaka jirani akatoka na bunduki. Anakwenda chuoni Ijumaa ya wiki ijayo.

Swali la ishirini na tisa lilikuwa limemshinda, akaniomba nimwoneshe, maana wote wawili tulikuwa tumekwisha kuufanya. Nililifanya kwa kalamu nyuma ya bahasha kabla hajamaliza kulisoma. "Sasa hili ulilikosa?" akauliza.

"Sijui nililolikosa. Ndiyo masharti."

"Masharti gani hayo, Corinne? Hata daktari anakuambia ni goti lipi."

Nilikasirika kidogo. Nilimwambia kila mtu ana namna yake.

Jumapili, 30 Machi

Huu ndio ulikuwa wa tano na wa mwisho. Niliufanya asubuhi kwenye meza ya jikoni. Nje jua lilikuwa kali na paa zinadondosha maji ya theluji, na nilijua mchana tutachemsha bila kupumzika, kwa hiyo nilikuwa na saa moja na nusu yangu peke yangu na nikaitumia yote. Nilirudia kila swali. Nilihakiki. Nilipompa Shangazi karatasi sikuwa na wasiwasi wowote.

Alikwenda kusahihishia chumbani kwake. Hajawahi kufanya hivyo. Alirudi baada ya robo saa, amevaa koti tayari la kwenda kibandani.

"Thelathini na nane," akasema.

"Tena?"

"Tena."

"Lakini, Shangazi, leo nilikuwa..." Sikujua niseme nilikuwa nini.

Akakaa na koti lake. Akasema maneno marefu, na yeye si mtu wa maneno marefu. Alisema aliniona Oktoba nilivyorudi na uso umevimba. Alisema nikienda Ijumaa nikifeli, hiyo itakuwa mara ya pili, na chuo kitanifungia mlango, na nitakaa darasani kama mtoto katikati ya msimu, mwaka mzima umepotea. "Afadhali ukose nafasi moja kuliko ufunge mlango kwa mkono wako. Nafasi zitakuja nyingine. Mimi nimefundisha miaka thelathini na mmoja, mwanangu. Najua mtoto aliyeiva nikimwona."

"Na mimi sijaiva."

Alikuwa anafunga vifungo vya koti, na kile kiganja kibovu kilikuwa kinamsumbua, na nilimsaidia kufunga cha juu. "Bado," akasema.

Nimefuta kiti cha tarehe nne. Cha tarehe kumi na moja sijakiomba. Ningekiombea nini? Mitihani ya kujipima imekwisha yote mitano, sina tena cha kunipima, na kwenda gizani niliapa siendi. Bwana Tuttle alisema labda aagize mwingine kutoka maktaba ya mkoa, utachukua wiki tatu. Wiki tatu sina.

Mchana tumechemsha mapipa manne. Shangazi amesema ndiyo siku bora tangu babu alipokufa. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa joto na furaha, na nilifurahi kwamba angalau mtu mmoja nyumba hii amepata alichotaka.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua juu ya theluji. Barabara ni matope mpaka kwenye ekseli. Posta haikuja.

Ijumaa, 4 Aprili

Darlene amefaulu. Alikuja mpaka kibandani na viatu vya matope kuniambia, akanikumbatia, akasema kwenye mtihani lilikuja swali la mipira ndani ya mfuko naye akacheka peke yake akakodolewa macho na msimamizi. "Nimefaulu kwa soksi zako," akasema.

Nilimpongeza na nilimaanisha. Halafu alipoondoka nikatia kuni nyingi kuliko zilizohitajika. Mimi niliyemfundisha ndiye niliyebaki nikitazama karai.

Ijumaa, 11 Aprili

Bi Sewall amepiga simu saa tisa. Alisubiri mpaka saa tisa, lazima nikiri hilo. Nafasi wamempa kijana kutoka Burlington aliyemaliza chuo Desemba. "Amefundisha miezi minne ya majaribio," alisema. "Corinne, kwa nini hukujaribu tu?"

Nilisema sikuwa tayari.

Jumatatu, 14 Aprili

Mwenye duka la njia panda amerudisha mikebe sita ya shira. Ukiigeuza, chini kuna sukari ngumu, mawe matupu. Wateja wamelalamika.

"Umechemsha kupita kiasi," Shangazi akaniambia.

"Nilifuata kipimo."

"Basi hukukitazama vizuri. Akili yako ilikuwa kwenye vitabu."

Mwezi mzima nimesimama pale.

Jumanne, 15 Aprili

Nimekwenda duka la zana za shamba nikanunua kipimo kipya. Tumepasha shira kidogo jikoni, nikaijaza kwenye kikombe kirefu, nikatumbukiza kipya: mstari mwekundu sawasawa na uso wa shira, imeiva. Nikakitoa, nikatumbukiza cha zamani kwenye kikombe kilekile. Mstari umezama nusu kidole. Bado.

Shangazi alikichukua akakipeleka dirishani. Karatasi ya ndani imebanduka ikateleza chini kwenye shingo. Msimu mzima kilikuwa kinatuambia bado wakati shira imekwisha kuiva.

"Nilikulaumu bure," akasema. "Samahani, mama." Kisha akasema, huku akikifuta kwa aproni, "Kipimo kikikudanganya huwezi kujua, mpaka uweke kingine kando yake."

Aliposema hivyo mkono wake ulisimama. Mkono tu. Uso aliugeuzia dirishani.

Nilikwenda kuosha kikombe. Sikuwaza kitu. Nilikuwa naosha kikombe, na Darlene akanijia na bahasha yake na swali la ishirini na tisa, na arobaini na moja yake.

Jumatano, 16 Aprili

Shangazi alikwenda kanisani kupanga maua ya Pasaka saa nne. Niliona gari lake likiingia kwenye matope, likatoka, likapotea kwenye kona. Kopo la biskuti liko rafu ya juu ya stoo ya chakula, nyuma ya unga. Halijafungwa hata kwa kamba. Kilichokuwa kimelifunga ni ahadi yangu tu.

Karatasi tano, zimekunjwa mara nne nne. Nilichukua na majibu niweze kusahihisha upya. Sikuyahitaji. Alikuwa amesahihisha yote, tiki nyekundu na mikasi ya makosa, kwa mkono ule ule uliosahihisha daftari zangu za darasa la kwanza, na kila karatasi ameandika jumla kwenye kona ya juu na kuizungushia duara. Mdomo wake uliweza kudanganya. Mkono wa mwalimu haukuweza kuweka mkasi penye jibu la kweli.

Ya kwanza, thelathini na moja. Ya pili, thelathini na nne. Kweli tupu.

Ya tatu, arobaini na mbili.

Ya nne, arobaini na nne.

Ya tano, arobaini na saba.

Alianza kunidanganya siku niliyovuka arobaini. Na uwezekano, ile mada aliyonituma nirudie, kurasa arobaini pale kwenye kuni: maswali tisa, tiki tisa.

Nilikaa sakafuni mwa stoo. Sikulia. Nilikuwa nahesabu. Tarehe ishirini na tatu Machi nilikuwa na mitihani miwili tofauti juu ya arobaini, na kiti chuoni siku tano mbele, na wiki mbili za ziada. Nilikuwa nayo yote mkononi. Siku hiyo alinikaangia donati.

Aliporudi, karatasi tano zilikuwa mezani, zimenyooshwa. Aliziona akiwa bado mlangoni. Akavua buti moja, ya pili ikamshinda, akabaki na buti moja.

"Uliapa hutatazama," akasema.

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza. Sitalisahau mpaka nizikwe.

"Niliapa kwa sababu sikujiamini mimi," nikamwambia. "Sikujua kwamba ilipasa nijilinde na wewe."

"Ningekuona unafeli tena, moyo wangu..."

"Usinitajie moyo. Arobaini na saba, Shangazi."

Akakaa. Akatazama dirisha linaloelekea kibandani. Akasema kwa sauti ndogo, bila kunitazama, "Nani angechemsha?"

"Ungeajiri mtu. Ungeniuliza. Ningekutafutia mtu. Ningekuja kila Jumamosi, kila siku baada ya shule. Ungeniambia tu kwamba unanihitaji."

"Ningekuambia, ungekaa kwa huruma. Huruma yako sikuitaka."

"Ulitaka nini basi?"

"Nilitaka ukae," akasema.

Miti hii ilipandwa na baba yake. Najua. Ana miaka sabini na nne, hana mtoto isipokuwa mimi, na mkono umemkataa. Yote hayo nayajua, na nilikuwa nayajua wakati natoboa miti mia mbili Machi nne. Angeniomba msimu mmoja. Labda ningempa. Hilo ndilo linalonichoma kuliko nafasi yenyewe: labda ningempa. Yeye akaona ni rahisi zaidi kunifanya mjinga, niamke kila asubuhi nikijiona mjinga, nisimame kwenye karai lake nikijiona mjinga, nimshukuru.

Waswahili wa mji huu hawapo, lakini wangekuwapo wangeniambia kikulacho ki nguoni mwako. Mimi huyu nilimfunga hata vifungo vya nguo.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimelala kwa Darlene. Mumewe hakupiga honi.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nimerudi kwa sababu ya ng'ombe wawili na kuku, hawana kosa. Nyama ya nguruwe, viazi, maharage. Shangazi aliomba sala ya chakula, akafika mahali pa "utusamehe makosa yetu," akakwama. Sikumsaidia. Alimalizia mwenyewe.

Jumanne, 22 Aprili

Nimemwonesha Bwana Tuttle karatasi. Alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Hakusema neno baya juu ya Shangazi. Aliwahi kuwa mwanafunzi wake. Alisema tu, "Arobaini na saba. Ningekusindikiza mwenyewe." Ameniandikisha kiti palepale kwa simu yake. Ijumaa, tisa Mei.

Jumamosi, 26 Aprili

Vyura wameanza kulia bondeni na vichipukizi vimetoka. Shira ya sasa ina ladha mbaya. Msimu umekwisha. Nimechomoa mabomba yote mwenyewe. Tunaongea, mimi naye: chumvi, tafadhali, mvua itanyesha, ng'ombe amekamuliwa.

Jumatano, 30 Aprili

Amenikuta nikisoma mezani akaweka kikombe cha chai kando yangu. Akasimama. "Nikusahihishie?" akauliza.

Nadhani hakukusudia. Ni mazoea ya Machi. Alisikia mwenyewe alichosema, akachukua kitambaa akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Hapana, asante, Shangazi."

Chai niliinywa. Ilikuwa na sukari kama nipendavyo, na hilo nalo lilinikasirisha.

Ijumaa, 9 Mei

Barabara imekauka. Chumba kilekile, msimamizi yuleyule, kompyuta ya pili kutoka dirishani. Mtihani wenyewe una hesabu zake za alama, unaanzia ishirini unaishia themanini, na hamsini ndiyo kufaulu. Sikuharakisha. Swali la kumi na nane lilikuwa la makabati na funguo, nami nikayageuza kuwa soksi.

Ukimaliza unabonyeza, na kompyuta haikuoneshi huruma wala haikufichi. Sitini na tatu.

Nilikaa na namba hiyo kwenye gari. Nilitegemea kulia kama Oktoba, kwa furaha safari hii. Sikulia. Nilichowaza ni kwamba nilikuwa nayo tangu Machi, na kwamba darasa la tatu sasa lina kijana wa Burlington, na Septemba nikipita korido ile nitawaona watoto wangu kupitia kioo cha mlango wake. Kisha nikawaza kwamba Septemba sitapita korido ile. Shule moja ng'ambo ya mto, jimbo la pili, wanatafuta mwalimu wa darasa la nne. Wananiita kwenye usaili Alhamisi. Ni mwendo wa saa mbili kutoka hapa. Mtu wa mwendo wa saa mbili hawezi kuchemsha shira.

Nilipofika nyumbani Shangazi alikuwa kibandani, anasugua karai kwa mkono wa kushoto. Alinisikia. Hakugeuka mara moja.

"Ngapi?" akauliza.

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kweli. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa.

"Thelathini na nane," nikasema.

Akageuka. Akanitazama usoni, macho yakitafuta, yakienda huku na huku kama ninavyomwona akitafuta miwani. Akafungua mdomo aniulize kama ni kweli. Akaufunga. Anajua hawezi kuniuliza hilo, si yeye, si tena. Akarudi kwenye karai.

Sikuona raha niliyoitegemea. Nilimtazama mgongo, mwembamba ndani ya aproni ya babu, na nikakaribia kabisa kusema. Lakini sikusema.

Karatasi yenye sitini na tatu nimeikunja mara nne. Nimeitia kwenye kopo la biskuti, juu ya zile tano nilizozirudisha humo. Akitaka kujua, kopo liko pale pale alipoliweka.